Ndege kumi na mbili za mwaka 1920



Jana baada ya Isha, hapa Mchafukoge, kijana mmoja alinionyesha kwenye simu droni ikipiga nyumba. Akaniambia, "Sheikh, vita vya siku hizi mtu anauawa na asiyemwona." Nikamjibu, mwanangu, hayo hayakuanza leo. Kaa nikusimulie ya Somalia.

Sayyid Muhammad Abdullah Hassan alimsumbua Mwingereza miaka ishirini. Kati ya 1900 na 1904 alitumiwa majeshi mara nne, yote yasimmalize, maana visima na njia za jangwani alizijua yeye. Mwaka 1913, kule Dul Madoba, watu wake walimuua kamanda Corfield. Msidhani nampamba. Wafuasi wake hao hao ndio waliomuua Sheikh Uways al-Barawi mwaka 1909, ambaye Qadiriyya aliyoieneza ipo kwetu mpaka leo. Rahimahullah.

Basi, Januari 1920 zikaletwa kwa meli ndege 12 aina ya DH9, zikaungwa kule kule. Tarehe 21 zikapiga kambi yake Medishi. Watu wale hawakuwahi kuona ndege! Inasimuliwa kwamba Sayyid alitoka kuzitazama, bomu likamuua jamaa yake aliyekuwa kando yake. Zikafuata kupiga mifugo pia, na kwa mfugaji, ngamia akifa, chakula na safari vimekufa. Mwezi Februari ngome ya Taleh ikaanguka. Sayyid akakimbilia Ogaden, akafariki kwa maradhi mwaka huo huo.

Wenye ndege walijigamba kwamba kazi ni yao. Si kweli yote: waliomfukuza ardhini ni kikosi cha ngamia na askari wa KAR, Waafrika wenzetu, wale Keya. Lakini London waliona jambo moja, kwamba ndege ni rahisi kuliko jeshi. Mwaka 1922 wakaikabidhi Iraq kwa jeshi la anga, vijiji vikapigwa mabomu. Mwaka 1953 ikawa zamu ya misitu ya Aberdare, Kenya, dhidi ya Mau Mau.

Kilichobadilika sasa ni bei. Zamani anga ilikuwa ya dola peke yake. Siku hizi hata Wahuthi wa Yemen wamewahi kurusha droni kupiga meli. Na Somalia, tangu 2011, droni za Marekani zinapiga. Mfugaji yuko pale pale chini, na mbuzi wake, akisikiliza mlio.

Ya Aberdare tutayazungumza Ijumaa, in shaa Allah.