Mbabe Aliyeitwa Mjomba

Ukitafuta chanzo cha uonevu katika hadithi za shule, utapelekwa Uingereza, kwa Tom Brown's School Days (1857), ambako mkubwa anamchoma mdogo mbele ya moto. Tuliowahi kuitwa njuka bwenini tunalielewa hilo bila kufafanuliwa. Ila kwa pwani hii ya Bagamoyo, mimi naona habari inaanzia kwingine.

Mwaka 1868, miaka 11 tu baada ya kitabu hicho, mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo. Wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Walisoma, wakalima mashamba ya misheni. Mbabe wa bwenini angewapora nini? Utoto wao ulishabaki njiani, kwenye misafara.

Ng'ambo ya maji, katika shule ya Kiungani, Unguja, wavulana wa aina hiyo walisimulia maisha yao, na mwaka 1887 A. C. Madan akayachapisha London. Si riwaya, sawa, lakini kwangu hicho ndicho kitabu chetu cha kwanza cha shule. Na darasa halimo sana! Kilichomo ni kutekwa, kuuzwa, kutembezwa. Tena tunawasoma kwa Kiingereza cha mwalimu wao.

Ndiyo maana Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kama Peponi, hainishangazi kwa kumwanzishia Yusuf masomo dukani. Ana miaka 12, baba yake amemtoa rehani kwa tajiri Aziz kulipia deni, naye anadhani anakwenda kumtembelea mjomba. Dukani kuna Khalil, rehani mwenzake aliyemtangulia, anayemtania na kumkejeli kutwa. Huyo ndiye mkubwa wa bweni, basi. Lakini ni Khalil huyohuyo anayemwambia ukweli: yule si mjomba wako, ni bwana wako. Aziz mwenyewe hafoki. Ni mpole, ananukia manukato.

Kezilahabi naye, katika Rosa Mistika (1971), anamfanya baba ampige Rosa kabla hajafika sekondari. Walimu wanakuja baadaye, na wanakuta kazi imeshaanza.

Baadaye Yusuf anaachwa bara kwa mwenye duka mwingine. Huko inagundulika hajui kusoma Kurani, na kijana mzima anapelekwa chuoni kukaa na watoto wadogo. Anakwenda, anakaa, anajifunza.