Kitabu cha Kant Kilichowashinda Wasomaji Wake

Mei 1781, mchapishaji Johann Friedrich Hartknoch wa Riga alitoa kitabu chenye kurasa 856 kiitwacho Kritik der reinen Vernunft, yaani Uhakiki wa Akili Safi. Mwandishi wake, Immanuel Kant, alikuwa profesa wa mantiki na metafizikia huko Königsberg, mji wa Prussia ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Alikuwa na miaka 57, na kwa takribani muongo mzima hakuwa ametoa kazi yoyote kubwa. Hoja yake ilikuwa nzito. Akili ya binadamu haipokei tu mambo yanayoijia. Yenyewe huyapanga katika nafasi na wakati, na kuyaunganisha kwa sababu na matokeo. Hivyo mtu huvijua vitu jinsi vinavyomtokea, wala hawezi kuvijua jinsi vilivyo vyenyewe. Hoja za kale za kuthibitisha kwamba Mungu yupo, au kwamba roho haifi, zilionekana kuvuka mpaka wa maarifa.

Kwanza kulikuwa na ukimya. Johann Georg Hamann, rafiki wa Kant mjini humohumo, alikisoma kitabu kikiwa bado kwenye prufu na kuandika tahakiki yake, lakini hakuichapisha. Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa Moses Mendelssohn wa Berlin, mwanafalsafa ambaye hukumu yake Kant aliingoja kwa hamu. Aprili 1783 Mendelssohn alimwandikia Kant kwamba udhaifu wa mishipa ya fahamu ulimzuia kuzifuata hoja zile, na kwamba kitabu hicho kilikuwa kimekuwa kipimo cha afya yake: kila alipopata nguvu kidogo, alithubutu kukikaribia tena. Ni jambo la kumvunja moyo mwandishi yeyote, hasa linapotoka kwa msomaji mwenye akili pevu kiasi hicho.

Jibu la Kant, la Agosti mwaka huohuo, linastahili kusomwa na kila anayelalamikia ugumu wa kitabu hiki. Alikiri kwamba matunda ya tafakuri ya miaka 12 aliyaandika kwa miezi minne au mitano tu, akiyazingatia sana mawazo yenyewe huku akijali kidogo namna ya kumrahisishia msomaji. Alihofia kwamba angeahirisha zaidi, katika umri wake, kazi isingekamilika kamwe.

Kabla ya hapo alikuwa ameshaumizwa. Januari 1782 jarida la wasomi la Göttingen lilichapa tahakiki isiyo na jina la mwandishi, iliyomweka Kant kundi moja na Askofu George Berkeley, aliyefundisha kwamba vitu havipo nje ya fikra zinazovitambua. Kant alikasirika. Mwaka 1783 alitoa kitabu kifupi, Prolegomena, kueleza upya hoja zake, na mwishoni akamtaka mhakiki huyo ajitaje. Christian Garve alijitokeza kwa barua: yeye ndiye aliyeandika tahakiki ya awali, lakini mhariri J. G. H. Feder aliikata na kuibadilisha mno. Kant alimjibu kwa upole na heshima.

Waliokiokoa kitabu walikuwa wafafanuzi. Johann Schultz, mhubiri wa Königsberg, alitoa maelezo yake mwaka 1784. Carl Christian Erhard Schmid wa Jena akatunga kamusi ya istilahi za Kant mwaka 1786. Aliyefanikiwa kuliko wote ni Karl Leonhard Reinhold, ambaye barua zake kuhusu falsafa ya Kant zilichapwa katika jarida la Der Teutsche Merkur mwaka 1786 na 1787. Reinhold hakuanzia kwenye hoja ngumu za mwanzo; alianzia kwenye faida ya falsafa hiyo kwa dini na maadili, mambo ambayo Wajerumani wengi walikuwa wakibishania wakati huo. Jena ikawa kitovu cha falsafa ya Kant. Kwingine hofu ilitanda: mwaka huohuo wa 1786 serikali ya Hesse-Kassel ilipiga marufuku kuifundisha katika Chuo Kikuu cha Marburg.

Mwaka 1787 Kant alitoa toleo la pili. Aliandika upya sehemu zilizolalamikiwa zaidi, na kuongeza kipengele kipya cha kukanusha udhanifu, yaani fundisho la aina ya lile la Berkeley, ili shutuma ya Göttingen isirudiwe. Upinzani haukuisha. Mwaka huohuo mwanafalsafa Friedrich Heinrich Jacobi alieleza kwamba bila wazo la vitu vyenyewe hakuweza kuingia katika mfumo wa Kant, na akiwa nalo hakuweza kubaki humo. Hadi leo hakuna aliyelijibu pingamizi hilo kwa namna inayowaridhisha wote.

Mwaka 1789 daktari Marcus Herz wa Berlin alimtumia Kant muswada wa Salomon Maimon, Myahudi wa Lithuania aliyejielimisha mwenyewe. Kant, akiwa na miaka 65, alikaribia kuurudisha bila kuusoma. Alipoupitia kidogo, alikiri kwamba hakuna mpinzani wake aliyemwelewa vizuri kama huyo.

Wengine falsafa hiyo iliwagusa moyoni. Machi 1801 mwandishi Heinrich von Kleist alimweleza mchumba wake jinsi falsafa ya Kant ilivyomtikisa: kama macho ya watu wote yangekuwa miwani ya kijani, wangeamini kila kitu ni cha kijani, wasijue kama rangi ni ya vitu au ya macho. Lengo la maisha yake, kuitafuta kweli, lilikuwa limeporomoka.

Mwanafalsafa Arthur Schopenhauer, kwa upande wake, alishikilia kwamba toleo la pili liliharibu la kwanza, na mwaka 1837 alimshawishi Karl Rosenkranz alichape la kwanza katika mkusanyiko wa kazi za Kant, uliotoka mwaka uliofuata. Ubishi huo haukupata mshindi. Machapisho ya kitaaluma ya sasa hubeba matoleo yote mawili, na pembeni mwa kurasa huwekwa namba za kurasa za asili: herufi A kwa toleo la 1781, B kwa la 1787.