Sindano Ilivyofika Mumias

Msomaji, chukua shati la mtoto mchanga wa kiume lililoshonwa na fundi wa Mumias, ulitazame vema kabla hujalikunja. Kitambaa chake ni cheupe au cha samawati. Kifuani pameshonewa jogoo mwekundu, au samaki, au mwezi, uliokatwa katika kitambaa cha rangi nyingine na kuzungushiwa uzi pande zote. Watu husema kwamba hilo ni pambo tu. Ni pambo, kweli. Lakini pambo hilo lina nasaba ndefu, na nasaba hiyo yaweza kufuatwa hatua kwa hatua, kama mtu afuatavyo njia ya msafara.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Fundi huchora umbo juu ya kipande cha kitambaa, akalikata kwa mkasi huku akiacha ziada kidogo ya kukunjwa ndani. Kisha huliweka juu ya nguo na kulipigia bandi, yaani mishono mirefu ya muda inayolishikilia mahali pake. Baada ya hapo huzikunja kingo kwa ncha ya sindano na kuzishona kwa mishono midogo iliyokaribiana. Kazi ikiisha, bandi hufumuliwa. Fundi mwangalifu huvifua vitambaa vyote viwili kabla ya kuvishona, kwa sababu kitambaa kipya hurudi kikifuliwa, na rangi nyekundu aghalabu huchuja ikachafua nyeupe. Wala haachi fundo la uzi upande wa ndani, maana ngozi ya mtoto ni laini na fundo humkwaruza. Kwa hiyo upande usioonekana hutaka uangalifu kuliko upande unaosifiwa.

Utaona, msomaji, kwamba kazi hii ni ndugu wa kutia kiraka. Kiraka hufunika tundu, na pambo hufunika mahali pasipo na tundu. Mkono ni ule ule, sindano ni ile ile. Kinachotofautiana ni haja. Basi mkono huo ulijifunza wapi?

Hapo kale Wawanga, kama majirani zao wengi, walivaa ngozi zilizolainishwa. Upande wa magharibi, katika Buganda, watu walivaa mbugu, ambayo ni nguo ya gome la mti lililopondwa mpaka likawa jembamba na pana. Pambo halikukosekana. Palikuwa na shanga, palikuwa na bangili, na bangili ya shaba ilikuwa mojawapo ya alama za enzi ya Nabongo, mfalme wa Wawanga. Lakini nguo ya pamba haikuwako, na palipo haba nguo ya pamba, sindano nyembamba ya chuma haina kazi kubwa.

Nguo hiyo ililetwa na misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani. Katika karne ya 19, zama za Nabongo Shiundu, wafanyabiashara hao walifika katika nchi ya Wanga, karibu na mto Nzoia, wakitafuta pembe za ndovu. Mahali hapo wakapaita Kwa Sundu, wakilitamka jina la mfalme kwa ulimi wa pwani. Shiundu alipofariki, mwanawe Mumia alirithi enzi, na mji ukaja kuitwa kwa jina lake.

Nguo iliyopendwa kuliko zote iliitwa merikani, na jina lenyewe linatwambia ilikotoka. Mwaka wa 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Merikebu kutoka mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts zikaleta Unguja shehena za kitambaa cha pamba kigumu kisicho na rangi, nazo zikarudi na pembe, sandarusi na ngozi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilikata biashara hiyo, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikapata nafasi sokoni. Hata hivyo jina la merikani lilibaki. Tena tukumbuke jambo lenye uchungu: sehemu kubwa ya pamba iliyofumwa katika viwanda vya Marekani kabla ya vita hivyo ilivunwa na watumwa weusi wa majimbo ya kusini. Kitambaa cheupe kinaweza kuwa na historia nyeusi.

Nguo hizo zilisafirishwa bara kwa vichwa na mabega ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Wengi hudhani kwamba wapagazi walijua kubeba tu. Sivyo. Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alipoongoza msafara wake mwaka wa 1883, alikaa kwanza Taveta, chini ya mlima Kilimanjaro, ili kutayarisha bidhaa zitakazokubaliwa na Wamasai. Shanga zilipaswa kutungwa kwa urefu maalumu, ama sivyo Wamasai wasingezipokea. Nguo nazo zilipaswa kushonwa. Morani walipenda vazi la vita liitwalo naibere, nalo lilikuwa kipande kirefu cha nguo ya pamba, kilichoshonewa katikati utepe wa kitambaa cha rangi, toka juu hata chini. Watu wa msafara wakaketi Taveta wakishona nguo za namna hiyo.

Fikiri, msomaji, juu ya jambo hilo. Kitambaa cha rangi juu ya kitambaa cheupe: ndiyo kazi ile ile ya jogoo wa shati la mtoto. Walioifanya walikuwa wanaume, tena wanaume waliobeba mizigo na bunduki, na walioivaa walikuwa vijana wa vita. Mwishoni mwa mwaka huo huo msafara wa Thomson ulifika Kwa Sundu na kupokewa na Mumia. Hivyo miongoni mwa wageni waliopiga kambi hapo walikuwamo watu waliojua kushonea pambo juu ya nguo. Atakayesema kwamba sindano ni kazi ya wanawake peke yao, na aulize historia.

Si nguo tu iliyoletwa na misafara, bali desturi za pwani pia. Uislamu ulipata mizizi Mumias, na kanzu na kofia zikawa vazi la heshima. Kanzu ya pwani huweza kutiwa darizi shingoni na kifuani, na kofia hujazwa matundu madogo yaliyozungushiwa uzi kwa subira kubwa. Kanzu ya Buganda nayo hujulikana kwa pambo lake jekundu la damu ya mzee lizungukalo shingo na kushuka kifuani. Mvulana wa Mumias aliyevikwa kanzu siku ya sikukuu alikuwa amevaa habari za nchi mbili au tatu kwa mara moja.

Kisha njia ikahama. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika ziwani Kisumu mwaka wa 1901, nayo haikupita Mumias. Mwaka wa 1920 makao ya utawala wa Waingereza yalihamishiwa Kakamega. Mji uliokuwa kituo kikuu cha njia ya Uganda ukaachwa kando. Nabongo Mumia alifariki mwaka wa 1949, akiwa ameyaona hayo yote. Lakini reli haikuweza kuuhamisha ujuzi uliokwisha kukaa mikononi mwa watu. Misafara ilikwisha, sindano haikwisha.

Hata reli yenyewe iliongeza kazi ya mshonaji, kwa kuwa ilileta nguo kwa bei nafuu zaidi, na pamoja na nguo ikaja cherehani. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake huko Marekani mwaka wa 1851. Jina tulilolipa sisi lina asili ya Kiajemi, lugha ambayo ndani yake charkh ni gurudumu. Mafundi wakaweka vyerehani vyao katika baraza za maduka, mteja akanunua kitambaa ndani na kukishonesha nje. Wanawake nao wakapata mafunzo. Shule ya Jeanes huko Kabete, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, iliwafunza walimu, na wake zao wakafunzwa malezi na ushonaji. Mwaka wa 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa, na katika vikundi vyake ushonaji ulikuwa miongoni mwa masomo ya kwanza. Hapo nguo ya mtoto ikawa darasa, kwa sababu ni ndogo, haili kitambaa kingi, na kosa lake halimfilisi mtu.

Lakini mwenye kusoma historia asiisome kama hadithi ya ushindi mtupu. Katika miaka ya 1990 soko la Kenya lilifunguliwa, nguo za mitumba zikaingia kwa wingi, na viwanda vingi vya nguo vikadhoofu au kufungwa, kikiwamo kile cha Kisumu. Mzazi mwenye fedha chache huona shati la mitumba lina bei ndogo kuliko kitambaa, uzi na ujira wa fundi. Hatuwezi kumlaumu. Mtoto mwenye baridi hangoji tuhifadhi sanaa. Hata hivyo yafaa kujua gharama isiyoandikwa: kila fundi anayefunga cherehani bila mwanafunzi huondoka na somo ambalo hakuna meli itakayolileta tena.

Ujuzi hauhifadhiwi kwa kusifiwa, huhifadhiwa kwa kutumiwa. Wewe, kijana wa kike au wa kiume, huhitaji fedha nyingi kuanza. Mabaki ya kitenge hutupwa kila siku chini ya meza za mafundi. Omba kipande, ulikate umbo ulipendalo, upige bandi, ushone, ufumue, ushone tena. Nguo ya mtoto haidumu. Baada ya miezi michache itambana, naye mdogo wake ataivaa, mpaka mwishoni iwe tambara. Mkono ulioishona hautarudi kuwa mjinga kwa sababu hiyo. Mumias ilipoteza njia ya msafara na makao ya utawala, na havikurudi. Kilichobaki ni kile ambacho watu walijifunza kukifanya wenyewe.