Kiungulia: Moto wa Kifuani na Historia Yake



Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1404, ambao kwa hesabu ya miladi uliangukia Juni 1984, ulinikuta Musoma. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nikaitwa kusomesha watoto na kusalisha tarawehe katika msikiti mdogo usio mbali na ziwa. Nilikwenda kwa garimoshi hadi Mwanza, kisha kwa basi lililopita Bunda katika vumbi jingi, hata niliposhuka nilikuwa nimegeuka rangi. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mwenye biashara ya dagaa, asili yake Bunda, mkarimu kupita kiasi. Ukarimu wake ndio ulioniingiza katika habari hii.

Siku zile ziwa lilikuwa limejaa sangara. Samaki huyu si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akazaana, na kufikia miaka ya 1980 akawa ndiye samaki wa kila chungu. Ana mafuta mengi, hata hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Basi tulifuturu kwa uji wa ulezi wenye ndimu, kisha ugali wa udaga na sangara wa kukaanga, na chai ya moto juu yake. Baada ya tarawehe, sahani ya pili. Wakati wa daku, sahani ya tatu. Na tukishasali alfajiri, kila mtu kitandani kwake.

Usiku wa tano niliamka nikidhani moyo wangu unaungua. Moto ulianzia chini ya kidari ukapanda hadi kooni, na kinywani mkajaa maji machungu. Nikamgongea mzee. Hakushtuka hata kidogo. "Maalim, hicho ni kiungulia tu," akasema, akaweka kipande cha magadi katika kikombe cha maji, akakoroga, akanipa. Nikanywa, nikacheua mara mbili, moto ukazimika. Nikasema moyoni: huyu mzee ni tabibu.

Ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba tulichofanya usiku ule ni kuzima moto na kuuacha wazi mlango ulioupitisha. Nilipoanza kusoma habari za jambo hili, niliona kwamba si mimi na mzee wangu tu tuliofanya hivyo. Wanadamu wamefanya hivyo muda mrefu.

Tazama kwanza majina yenyewe. Sisi tunasema kiungulia, na kuungua kumo ndani ya neno. Waarabu husema hurqatul-fuadi, yaani mwako wa moyo. Mdomo wa juu wa tumbo, pale umio unapoingilia, Wayunani waliuita kwa jina la moyo, na matabibu wa Kiislamu nao wakauita fuadi. Maradhi ni ya tumbo, lakini jina likabaki kuwa la moyo, kwa kuwa huko ndiko mtu anakohisi. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufa 1037, ameyaeleza maradhi ya tumbo katika kitabu cha tatu cha Al-Qanun fi al-Tibb, kitabu kilichohamishwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12 na kusomeshwa Ulaya kwa miaka mamia. Matabibu wa zamani hizo walionya sana mtu asiingize chakula juu ya chakula ambacho bado hakijasagika. Nawe unaijua ile hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Maadikarib, kwamba asiyetosheka na kidogo basi agawe tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Mimi niliisomesha hadithi hiyo Musoma mchana, na usiku nikala sahani tatu.

Lakini ni kitu gani hasa kinachounguza? Jawabu lilichelewa. Mwaka 1823 Mwingereza William Prout alionyesha kwamba tumboni mna tindikali ya hidrokloriki, ile ile inayokula chuma. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya, akapona, ila tundu la tumboni halikuziba. Daktari William Beaumont akawa anafunga vipande vya chakula kwa uzi wa hariri, anavishusha kupitia tundu lile na kuvitoa aone vimefikia wapi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833. Mimi huwahurumia sana watu kama yule kijana, ambao miili yao ilifanywa darasa. Hata hivyo elimu ilipatikana, na miongoni mwa aliyoyaona Beaumont ni kwamba mtu akighadhibika tumbo lake huharibika kazi.

Tumbo limejengewa kuta za kustahimili tindikali hiyo, umio haukujengewa. Baina yao upo msuli wa mviringo unaokaza kama mdomo wa mfuko wenye kamba. Ukilegea wakati si wake, tindikali hupanda. Mwaka 1935 Asher Winkelstein wa New York alieleza kwamba maji ya tumbo yanaweza kuujeruhi umio, na mwaka 1951 Philip Allison wa Uingereza akabainisha kwamba asili ya shida ni kule kupanda. Kwa hiyo mwenye kiungulia aghalabu hana tindikali nyingi kuliko wewe. Anayo ya kawaida, ila imepanda mahali si pake.

Hapa turudi kwetu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966. Ndiye aliyeeleza ile saratani ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari maelfu ya maili, hospitali hadi hospitali, kuitafuta. Daktari huyu alishangaa kwamba katika hospitali za vijijini Afrika ni nadra kuona tumbo lililopenya juu ya kiwambo na kuingia kifuani, hali ambayo ni ya kawaida Ulaya na huzidisha kiungulia. Mwaka 1973 yeye na mwenzake waliandika kwamba sababu ni chakula: mla nafaka zisizokobolewa hujisaidia kwa wepesi, na mla vyakula laini hukamua kila siku, na kule kukamua husukuma tumbo juu. Wengine hawakukubaliana naye katika yote, wala mimi si hakimu wao.

Ila nilikumbuka Butiama. Katika Ramadhani ile ile nilialikwa huko siku tatu, kijijini alikozaliwa Mwalimu Nyerere na ambako amezikwa tangu Oktoba 1999. Nilikaa kwa wazee wasiofunga, jirani na jamaa wa mwenyeji wangu. Walikula ugali wa mtama na mboga za majani mapema, jua likiwa bado lipo, kisha wakaota moto na kuzungumza saa nyingi kabla ya kulala. Mimi nao nilikula hivyo hivyo baada ya magharibi, sahani moja tu. Siku zote tatu sikuungua. Hiyo si hoja ya kitabibu, najua. Niliporudi Musoma kwenye sangara na sahani tatu, moto ukarudi.

Dawa zilikuja kwa mfuatano. Kwanza vile vidonge vyeupe vya kutafuna, ambavyo kazi yao ni ile ile ya magadi, kuua tindikali iliyokwishatoka. Mwaka 1976 ikatoka Uingereza simetidini, iliyobuniwa na James Black na wenzake, dawa ya kupunguza tindikali isitoke nyingi. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ikafuata ranitidini, ambayo Marekani iliamuru iondolewe madukani Aprili 2020 baada ya kuonekana ina uchafu unaoshukiwa kuleta saratani. Mwaka 1988 ikaanza kuuzwa omeprazoli. Hii hufunga kabisa pampu za tindikali, nayo humezwa kama nusu saa kabla ya kula, siyo baada ya kuungua. Wengi huimeza vibaya, kisha husema haifai.

Na magadi? Ni chumvi kali. Mwenye presha humwongezea shida, na yakikolezwa huunguza koo lenyewe. Mama mjamzito asiyatumie. Kiungulia chake aende nacho kliniki. (Bibi zetu husema mjamzito anayeungua sana mwanawe ana nywele nyingi. Nilikuwa nikicheka, hata nikasoma kwamba mwaka 2006 watafiti wa Baltimore waliwachunguza wanawake 64 wakakuta bibi hawakukosea sana.)

Sasa nikwambie habari ya mzee wangu. Tuliendelea kuandikiana, na mwaka 2011 nikaenda kumwangalia Bunda. Nilimkuta amekonda. Kikombe cha magadi kilikuwa kando ya kitanda chake. Akaniambia kiungulia kimekuwa kibaya siku hizi, hata ugali unakwama kifuani, anakunywa uji tu. "Tangu lini, baba?" Akasema tangu mfungo sita wa mwaka uliopita. Tulimpeleka Mwanza, akapitishwa mpira mwembamba wenye kamera kooni. Ilikuwa saratani ya umio, nayo ilikuwa imekwenda mbali. Alifariki kabla ya miezi mitatu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sisemi magadi ndiyo yaliyomwua. Saratani ya umio iliyo nyingi Afrika Mashariki ni ya aina nyingine, isiyofungamana na kiungulia. Wataalamu wanashuku tumbaku, pombe, na vinywaji vya moto sana, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika orodha ya vinavyoelekea kuileta. Ninachosema ni kwamba alikuwa na jina la kuupa ugonjwa na dawa ya kuunyamazisha, basi hakwenda hospitali. Chakula kikikwama, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, au kiungulia kikikujia mara mbili kwa juma na zaidi kwa majuma kadhaa, usingoje. Na maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi, yenye jasho na kushuka mkononi, huenda yakawa ya moyo wenyewe. Hayo ni ya kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Yaliyobaki ni ya nyumbani. Maliza kula saa tatu kabla ya kulala. Inua kitanda upande wa kichwani kwa matofali. Kurundika mito hakufai, maana hulikunja tumbo. Punguza kitambi, acha sigara. Madaktari husema ubavu wa kushoto hupunguza kupanda kwa tindikali. Hapo watu huniuliza: na sunna ya kulalia ubavu wa kulia? Sunna hiyo ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim, lakini ni jambo la kupendeza, siyo la wajibu. Anza kwa kulia useme dua yako, kisha geuka. Mgonjwa hana lawama.

Huulizwa pia juu ya saumu. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kinachopanda chenyewe bila kukitaka hakifunguzi. Kikifika kinywani kitemwe na kinywa kioshwe. Ukikimeza kwa makusudi, ilhali ungeweza kukitema, saumu imeharibika. Omeprazoli inamezwa kabla ya daku, kwa hiyo haina mgongano na mfungo. Anza kufuturu kwa tende na maji, nenda ukasali magharibi, halafu urudi kwenye sinia. Na kaimati ziache zipoe mpaka baada ya tarawehe, mbili tatu zinatosha.