Rangi za Vyama katika Bendera ya Tanzania

Bendera ya Tanzania imetokana na bendera za vyama viwili: TANU ya Tanganyika na Afro-Shirazi Party (ASP) ya Zanzibar. Wanafunzi hufundishwa kwamba kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni wananchi, manjano ni madini, na buluu ni bahari, maziwa na mito. Maana hizo ni sahihi, ila hazielezi rangi zilikotoka.

TANU, iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa na bendera ya mistari mitatu ya kulala: kijani, nyeusi, kijani. Katika uchaguzi wa 1960 chama hicho kilipata viti 70 kati ya 71, kwa hiyo hapakuwa na mpinzani wa kudai rangi zake ziwekwe kwenye bendera ya nchi. Bendera ya chama ikaongezewa michirizi miwili ya manjano kandokando ya mstari mweusi, ikawa bendera ya nchi. Ilipandishwa Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Luteni Alexander Nyirenda akaisimika kileleni Kilimanjaro pamoja na Mwenge wa Uhuru.

Zanzibar mambo yalikuwa mazito zaidi. Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP. Uhuru ulipofika tarehe 10 Desemba, bendera iliyopandishwa ilikuwa ile nyekundu ya Sultani, iliyotiwa duara la kijani lenye karafuu. Kwa wafuasi wa ASP hiyo ilikuwa bendera ya utawala waliouona umewanyima haki yao, na ilidumu mwezi mmoja tu. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, kabla mwezi huo haujaisha, Zanzibar ilichukua buluu, nyeusi na kijani, rangi za ASP.

Nchi hizo mbili zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, ilibidi bendera zao nazo ziunganishwe. Suluhisho lililopatikana lilikuwa la busara kubwa. Mistari ya kulala ingeweka rangi ya upande mmoja juu na ya mwingine chini. Badala yake bendera ilikatwa kwa mshazari, kijani upande wa mlingoti na buluu upande wa pili. Nyeusi, ambayo vyama vyote viwili vilikuwa nayo, ikapita katikati na kingo zake za manjano.

TANU na ASP ziliungana tarehe 5 Februari 1977 kuwa Chama cha Mapinduzi (CCM). Bendera ya CCM ni ya kijani, yenye jembe na nyundo vya manjano. Buluu ya Zanzibar haimo. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, vyama vipya vilivyosajiliwa vilikuja na bendera zao, huku bendera ya taifa ikibaki vilevile.

Huko Zanzibar suala la bendera liliibuka upya. Uchaguzi wa 1995 na wa 2000 ulizua mgogoro mkali kati ya CCM na chama cha upinzani cha CUF, na makubaliano ya Muafaka yakatiwa saini mwaka 2001. Baadaye, Januari 2005, Zanzibar ilianza kupandisha tena bendera yake yenyewe: buluu, nyeusi na kijani, na bendera ya Muungano ikiwa ndogo kwenye pembe ya juu, upande wa mlingoti.