Dili na vitenzi vyake

Kwa Mwingereza, dili ni biashara ambayo pande mbili zimeafikiana. Lilipofika kwetu likagawanyika. Ukilisikia Mbuyuni au Kiboroloni, hapa Moshi, subiri kitenzi chake ndipo ulielewe.

Kuwa dili ni kutafutwa, kuthaminiwa. Vihambani Machame na Kibosho utaambiwa siku hizi parachichi ndilo dili, huko huko ambako wazee walipanda kahawa iliyoijenga KNCU, chama kikuu cha ushirika cha mwaka 1933. Ukisema “si dili”, umekipuuza kitu kabisa. Hapa nalitetea neno hili la kigeni. Lulu tunayo, ila lulu husifu kilicho adimu, na parachichi linalojaza malori si adimu; lina soko tu.

Kupata dili ni kupata kazi ya malipo, hasa ya ghafla. Mgumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, akipata kundi la kupanda nalo kupitia Marangu, amepata dili. Kwa maana hii vijana wana neno zuri zaidi: mchongo. Ndani yake mna kuchonga, na anayechonga hutumia jicho, mkono na subira. Tulitumie kabla halijaharibika, maana “cha mchongo” tayari ni kitu cha kughushi.

Kupiga dili ndiko kunakonikera. Tunapiga simu, pasi na deki bila dhambi yoyote. Lakini mtaani “kupiga” peke yake kumekuwa kuiba, hasa fedha za umma, na ndipo ulipozaliwa “upigaji”. Kwa hiyo uchafu wa mpiga dili umetoka kwenye kitenzi chetu wenyewe. Dili limeufunika tu. Enzi za Rais Magufuli, kuanzia 2015, wapiga dili walitajwa kila mahali. Linganisha na maneno ya msako wa 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine: mlanguzi, mhujumu uchumi. Iwe shutuma ilikuwa ya haki au la, maneno yale yalishtaki. Mpiga dili husikika kama mtu mjanja, aliyechangamka, na wapo wanaojiita hivyo kwa fahari. Napendekeza tutaje kosa lenyewe: mwizi, mbadhirifu, mla rushwa.

Ile maana ya kwanza, ya Mwingereza, tuirudishie patano. Lipasue: mna pata, mna -ana ya kutendeana. Mkulima na mnunuzi wa ndizi wakipatana bei, neno lenyewe linadai kila mmoja awe amepata. Dili halidai hivyo. Mmoja anaweza kuondoka mikono mitupu na bado likaitwa dili zuri.

Kumebaki kudili. “Nitadili naye” ni kitisho, “nitadili na hilo” ni ahadi. Kushughulikia kulikuwa na sura zote mbili tangu zamani: unamshughulikia mgonjwa, unamshughulikia mkorofi. Kudili hakukutuongezea kitu.