Kikomo cha Mita Kumi: Kisima Kilivyofundisha Uzito wa Hewa

Mwaka 1630, Giovanni Battista Baliani wa Genoa, Italia, alimwandikia Galileo Galilei kuhusu bomba lililokataa kufanya kazi. Lilikuwa limepitishwa juu ya kilima chenye kimo cha mita zipatazo 21 ili kuvusha maji hadi upande wa pili. Lilijazwa maji, lakini kila lilipofunguliwa, maji yaligawanyika kule juu na kushuka pande zote mbili.

Mafundi wa visima walikuwa wakilifahamu tatizo hilo kwa sura nyingine. Katika kitabu cha Galileo cha 1638, mhusika mmoja anasimulia kwamba alimwita fundi atengeneze pampu iliyoacha kutoa maji. Fundi akamwambia pampu ni nzima. Maji ndiyo yaliyoshuka mno kisimani, na pampu ya kuvuta, iwe nene au nyembamba, haiyainui zaidi ya dhiraa 18, yaani kama mita 10. Galileo hakumpa fundi huyo jina. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ujuzi wa watu wa aina yake ndio unaostahili kutajwa kwanza katika historia ya mgandamizo, kwa sababu wao walijua kikomo kiko wapi kabla msomi yeyote hajajua kwa nini kipo.

Wasomi wengi wa Ulaya wa wakati huo walishika fundisho la kale kwamba maumbile hayavumilii ombwe. Pistoni ikipanda, maji hukimbilia kuziba nafasi inayoachwa wazi. Basi mbona yakate tamaa yakifika mita 10? Galileo alijibu kwamba nguzo ya maji hukatika kwa uzito wake yenyewe, kama kamba ndefu inayoning'inia. Alikosea, na alifariki mwaka 1642 akiwa bado hajalipata jibu.

Aliyelipata ni Evangelista Torricelli, mrithi wake huko Firenze. Yeye aliacha kulichungulia bomba ndani, akaitazama hewa iliyo nje, ile inayoyalalia maji ya kisima. Ikiwa hewa ina uzito, huyakandamiza maji yote kisimani. Pistoni ikiondoa hewa ndani ya bomba, maji husukumwa yapande humo, hadi uzito wa nguzo yao ulingane na nguvu ya hewa inayosukuma. Hapo husimama.

Kulijaribu wazo hilo kwa maji kulihitaji bomba refu kuliko nyumba. Torricelli akachagua zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji mara 13.6. Mwaka 1644 alieleza jaribio alilolifanya na Vincenzo Viviani: mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja hujazwa zebaki, huzibwa kwa kidole, kisha hupinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Kidole kikiondolewa, zebaki hushuka na kusimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Zidisha 76 kwa 13.6 utapata kama sentimita 1,034, yaani mita 10 na ushei. Ni kikomo kilekile cha fundi wa kisima! Katika barua yake kwa rafiki yake Michelangelo Ricci, Torricelli alieleza kwamba sisi binadamu tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa.

Ikiwa ni bahari, basi anayepanda mlima anakaribia uso wake, na zebaki lazima ishuke. Blaise Pascal wa Ufaransa, mwenye afya dhaifu, alimwomba shemeji yake Florin Périer afanye jaribio hilo. Tarehe 19 Septemba 1648, Périer na wenzake waliacha mrija mmoja katika bustani ya watawa mjini Clermont, ukilindwa na mtawa mmoja siku nzima, wakaupandisha mwingine hadi kilele cha Puy de Dôme. Zebaki ilishuka kwa zaidi ya sentimita 8. Ule wa bustanini haukubadilika. Mrija huo uliobaki chini ndio unaonivutia zaidi, kwa kuwa bila huo mtu angeweza kudai kwamba ni hali ya hewa ya siku ile iliyobadilika.

Leo kipimo cha mgandamizo, yaani nguvu inayogawanywa kwa eneo inalolikandamiza, kinaitwa paskali. Usawa wa bahari, hewa hukandamiza kila mita moja ya mraba kwa uzito wa kama tani 10. Hatupondeki kwa sababu hewa na majimaji yaliyo mwilini husukuma kwa kiasi hichohicho kuelekea nje. Anayekunywa dafu kwa mrija hupunguza tu hewa kinywani. Maji ya dafu hupandishwa na hewa iliyo nje.

Kikomo hicho hakijaondoka. Nairobi, kwenye kimo cha karibu mita 1,700, hewa ni hafifu zaidi, na hata pampu ya kuvuta isiyo na kasoro haiwezi kuinua maji kupita kama mita 8 na nusu. Hata usawa wa bahari, kwa pampu halisi, zenye kuvuja na kuchakaa, mafundi huhesabu kama mita 7 tu. Kisima kirefu kuliko hapo kinahitaji silinda ya pampu iteremshwe hadi ndani ya maji, ili pistoni iyanyanyue maji kutoka chini. Hivyo ndivyo ilivyoundwa pampu ya mkono ya Afridev, iliyokuzwa Malawi na Kenya katika miaka ya 1980 na kujaribiwa Kwale, pwani ya Kenya. Hutoa maji kutoka kina cha hadi mita 45 hivi, na pistoni yake hutolewa bila kung'oa bomba, kwa hiyo wanakijiji wenyewe waliofundishwa kazi hiyo huweza kubadilisha vipuri bila kusubiri gari la mafundi kutoka mjini.